Gari la Sista

Tulijuana kwa sababu ya mbao za kukatia mboga. Nazungumzia zile za plastiki, nyeupe, nzito, ambazo huzitundika karibu na ndoo na fagio pale dukani kwangu Kimumu. Mtu wa kawaida akinunua moja amemaliza, labda mpaka binti yake aolewe. Yeye alinunua moja, akarudi kuchukua ya pili, na kabla sijajaza ile nafasi ukutani akarudi tena. Aliishi peke yake. Nilijiuliza mtu mmoja anakula kabeji ngapi, na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki nikamwuliza na yeye. Alinijibu kwamba mbao zile ni nzuri kwa sababu hazipasuki ukizitoboa. Nani anatoboa ubao wa mboga? Hilo sikuliuliza, maana alikuwa ameshachukua chenji na kuondoka, na alikuwa mtu ambaye akikupa mgongo humwiti.

Mtaa mzima ulimwita Sista. Hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi aliyestaafu, na huku kwetu muuguzi mwanamke akishaita jina lako mara moja mlangoni pa daktari, wewe utamwita Sista mpaka uzeeke. Kazi yake karibu yote aliifanya thieta, yaani chumba cha upasuaji, akisimama kando ya daktari na kumpa vyombo: kisu, mkasi, koleo, uzi. Kwao ni upande wa ziwa, na ulimi wake ulikuwa umekataa kabisa kusema sh, kwa hiyo mimi Mama Shiru nikawa Mama Siru. Sikumrekebisha. Mimi mwenyewe nikiwa na haraka husema rori badala ya lori na wateja hunivumilia.

Habari ya gari niliijua siku nilipojikata kidole gumba nikifungua katoni ya sabuni. Damu ilikuwa nyingi kuliko kidonda, na kelele zangu zilikuwa nyingi kuliko damu. Nilikimbilia geti la Sista kwa sababu lilikuwa karibu. Hakuniambia pole. Aliniamuru niinue mkono juu na ninyamaze, akanikalisha kwenye meza yake ya kulia chakula, na hapo mezani, juu ya kitambaa cha kijani kilichopigwa pasi, nikaziona mbao zangu. Moja ilikuwa imekatwa ikawa nyembamba kiunoni na pana mabegani, kingo zake zimesuguliwa kwa msasa mpaka zikawa laini, na imetobolewa matundu madogo yaliyopangwa sawasawa. Aliisogeza kando kwa mikono miwili, taratibu, vile unavyomsogeza mtoto aliyelala. Kisha akakishughulikia kidole changu upesi na bila mapenzi yoyote.

Nilimwuliza hiyo ni nini, akasema ni chasisi. Nilidhani ananitania. Chasisi ninazozijua mimi ni za malori ya mahindi yanayotoka Moi's Bridge, ule mwili wa chini unaobeba kila kitu kingine. Akanieleza kwa subira, huku akifunga bandeji, kwamba hii nayo ni hivyo hivyo, ila gari lake linaendeshwa kwa rimoti na haliuzidi mkono wangu kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Mota na betri, pamoja na kidude kinachopokea amri za rimoti, aliviagiza Nairobi vikaja kwa basi. Magurudumu aliyang'oa kwenye magari ya kuchezea ya mitumba. Shoki zake, zile za kumeza mishtuko ya barabara, zilikuwa mabomba ya sindano, yale madogo ya plastiki, akiwa ametia ndani springi za kalamu. Nilibonyeza moja kwa mkono wangu mzima, nikaona inashuka na kupanda polepole kama shoki ya kweli. Alinipiga kofi dogo la vidole.

Nikamwambia hata magari ya rimoti yanauzwa tayari, mjini yamejaa. Jibu alilonipa nimelibeba mpaka leo.

"Ya kununua inakuja ikiwa imeisha," alisema. "Sasa jioni nitafanya nini?"

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Baadaye, kwa kumsumbua sana, nilipata na jibu la pili, ambalo ndilo kubwa. Aliniambia kwamba miaka yote ile thieta alisimama upande wa kupeana. Alijua daktari atataka nini kabla hajataka. Alijua mshono utakaofuata. Lakini mkono uliofanya kazi yenyewe haukuwa wake hata siku moja, na hilo halikumuuma wakati ule, lilikuja kumuuma alipokuwa nyumbani. Alitaka kabla hajafa atengeneze kitu kimoja chenye sehemu nyingi, chasisi na kila kilicho juu yake, pasipo mkono wa mtu mwingine kukigusa. Kikitimia, atakiendesha kutoka getini kwake mpaka kwenye ngazi ya duka langu. Hakuomba makubwa. Ni umbali wa kutuma mtoto chumvi.

Sasa msifikiri kwamba alikuwa fundi hodari. Alikuwa na mambo yake. Usafi, kwa mfano, ulimponza. Yale magurudumu ya mitumba alipoyaleta aliyaona machafu, na kwa Sista kitu kichafu kina dawa moja tu. Aliyatia kwenye sufuria, pamoja na viungio vya plastiki vilivyokuja nayo, akafunika, akayachemsha kama vyombo vya upasuaji mpaka akaridhika kwamba hakuna kidudu kilichosalia. Alipofunua, magurudumu yalikuwa yamelegea na kubonyea, na viungio vimepinda kama kucha za kuku. Alinionyesha bila aibu. Nilimwambia amepika gari. Akasema angalau sasa ni safi, akayatupa, akaanza kutafuta mengine, na hayo mengine nilimsihi ayaoshe kwa maji baridi.

Chasisi ya kwanza aliifanya ndefu mno, ikawa tumbo linakwama kila penye jiwe, na barabara yetu ni mawe. Iliyofuata aliitoboa sana ili iwe nyepesi, ikapinda ilipobeba betri. Alikuwa na kioo cha dirisha alichokilaza mezani, na kila chasisi ilipopata magurudumu aliiweka juu ya kioo kile na kupitisha karatasi chini ya kila gurudumu. Karatasi ikipita kirahisi, gurudumu hilo limeinuka, chasisi imejipinda, na Sista anaanza upya. Hakuwahi kuipinda irudi sawa. Alisema kitu kilichonyooshwa kwa nguvu hukumbuka kilivyokuwa. Ndiyo maana nilikuwa nauza mbao.

Moja ilifika barabarani. Ilikuwa asubuhi yenye baridi, wakati wakimbiaji wanapita kwenye mazoezi, na gari likatoka getini likafika katikati ya njia likazima. Kijana aliyekuwa mbele aliliruka bila kupunguza mwendo, waliomfuata wakaliruka vile vile, na hakuna aliyetazama chini. Sista alisimama getini na sweta yake ya kijivu akingoja wapite wote. Nilikuwa nafungua duka. Nilimpungia mkono kumtia moyo, akajifanya hakuniona, akaliokota na kulipangusa kwa upindo wa leso.

Alikuwa mtu wa kutoa. Mtoto wa mtu akipanda homa, Sista alikuwa hapo kabla boda haijapatikana, bila viatu kama ni lazima, na ukijaribu kumpa hata mayai anakuuliza kama umeona ameandika bei mlangoni. Lakini yeye kumpa kitu ilikuwa vita. Krismasi moja nilimpelekea chapati na kuku. Mtu hurudisha sahani ya jirani siku akipata nafasi, na huirudisha na kitu ndani, ndiyo adabu, na mkirudishiana mnaketi mnaongea. Sista aliirudisha jioni ile ile, imeoshwa, ina ndizi, akanikabidhi akiwa amesimama mlangoni na mguu mmoja tayari umegeuka. Nilimwambia akaribie ndani. Akasema ameacha redio.

Na kweli alikuwa ameacha redio. Aliiacha kila alipotoka, hata akienda kanisani. Nilimlaumu kwamba anachoma stima bure. Akanijibu kwamba akirudi anapenda kukuta watu wanaongea. Alilisema hivyo tu, kama mtu anayekuambia bei ya sukari.

Nilikasirika naye mara nyingi, sitaficha. Nilimletea fundi wa redio na simu kutoka Kiplombe, mtu mpole, aliyelitazama lile gari na kusema atalimaliza kabla ya saa kumi. Sista alimwandalia chai na mkate wa siagi, akamwuliza hali ya mke na watoto, akamsindikiza hadi getini, na gari halikuguswa. Fundi akabaki anashangaa ameitiwa nini. Nilimfuata Sista jikoni nikamwambia kiburi kitamzeesha.

"Akimaliza yeye, itakuwa yake," akasema. "Mimi nitabaki kuangalia. Na kuangalia nimeangalia, Mama Siru."

Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka.

Niligundua kwenye chenji. Zamani alifungua kiganja nikamwekea. Sasa alianza kusema niweke tu hapo juu ya kaunta, kisha anangoja niangalie pembeni ndipo anazikusanya. Mara akawa haitoi mikono kwenye mifuko ya sweta hata jua likiwaka. Wengine wangenyamaza. Mimi nilimwuliza. Akanitajia ugonjwa kwa jina lake la hospitali, akanieleza utakavyokwenda, hatua kwa hatua, kana kwamba anamzungumzia mgonjwa wa kitanda cha jirani. Alisema haina dawa ya kuondoa, iko ya kuchelewesha. Nikamwuliza kama anaogopa. Akaniuliza kama nitampa kilo yake ya unga au nina mengine.

Wakati huo alikuwa ndio amepata chasisi yake nzuri. Ilikaa juu ya kioo bila kuinua gurudumu hata moja, karatasi ilikataa kupita pande zote, na nilipoiona nilisahau kutania. Betri imekaa mahali pake, waya zimefungwa pamoja kwa plasta nyeupe ya hospitali, shoki zinashuka na kupanda. Kilichobaki kilikuwa usukani wa mbele, ambao hushikwa na skrubu ndogo sana, ndogo kuliko chawa, zinazoingia mahali ambapo kidole hakifiki. Nilipita kwake mara kadhaa na kumkuta amekishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akiipeleka bisibisi chini polepole, na bisibisi ikifika juu ya tundu inaanza kucheza. Skrubu inaruka. Anaitafuta sakafuni kwa sumaku, anaipangusa, anarudi kuketi. Nilikuwa nikisimama pale mlangoni mikono imenijaa hamu ya kumnyang'anya. Hakuniomba, nami sikuthubutu.

Mvua za mwaka mzima zilipita hivyo. Binti yake, ambaye hufanya kazi Nairobi na ni mtu mzuri, nisije nikasikika namsema vibaya, alikuja akaona chai ilivyomwagika toka jikoni hadi mezani, akaona mama yake alivyovaa sweta bila kufunga vifungo, akaamua. Angempeleka kwake. Nyumba ingepangishwa. Sista hakubisha, na kutobisha kwake ndiko kulikonitisha.

Siku moja kabla ya kuondoka alikuja dukani mchana, mvua inanyesha, na hakununua kitu. Alisimama upande ule wa kaunta na maji yakimtiririka usoni. Alitazama ukutani, akatazama mizani, akatazama mikono yangu.

"Mikono yako iko aje?" akaniuliza.

"Iko sawa, Sista. Mbona?"

"Haitetemeki?"

"Hapana."

Akajipangusa maji usoni. "Basi kuja," akasema.

Mimi sifungi duka. Nimewahi kuuza maziwa nikiwa na malaria. Siku hiyo niliteremsha mlango na kumwacha mteja wa mafuta ya taa amesimama na kidebe chake kwenye mvua, na kama anasoma hapa anisamehe.

Alinipeleka kwanza kwenye sinki. Akaniambia ninawe mpaka kwenye viwiko. Nilinawa nikageuka, akakagua kucha zangu, akanirudisha. Nikanawa tena, sabuni na brashi, huku nikinung'unika kwamba gari lenyewe linakwenda kukanyaga matope. Alinikalisha kwenye kiti chake, akajishika ukingo wa meza, akasimama kuliani kwangu. Nyumba ilikuwa na masanduku yaliyofungwa kila upande, na redio ilikuwa imezimwa.

Nisiwaweke roho juu: gari lilitembea. Jioni ile ile mvua ilikatika, na lilitoka getini likashika barabara likiyumba huku na huku, kwa sababu vidole vyake vilitetemeka juu ya rimoti na kila mtetemo ulishuka hadi kwenye magurudumu. Halikupinduka wala kukwama. Lilifika kwenye ngazi ya duka langu likagonga simiti, na yeye nyuma yake kwa miguu, na mimi nyuma yake yeye. Halikuwa tena gari lisiloguswa na mkono mwingine, na wote wawili tulilijua hilo tuliposimama pale. Alisema, "Sawa." Akaliinua akalibeba kifuani, akarudi kupanga nguo. Kesho yake binti alikuja na teksi. Siku hizi nyumba ile ina familia yenye televisheni kubwa, na hawajawahi kununua kwangu ubao wa mboga.

Lakini mimi nikimkumbuka Sista simkumbuki barabarani. Namkumbuka pale mezani, mkono wangu wa kulia umenyooka hewani kwa sababu nilikuwa nimeinamia lile tundu na sikutaka kuondoa macho. Sikusema ninataka nini. Hata sikujua. Bisibisi ilitua kiganjani mwangu, mpini ukiwa upande sahihi, ikisukumwa kidogo ili niihisi. Mikono ile isiyoweza kushika skrubu moja iliweza hili, kwa maana kupeana kunataka mkono ufike tu, na mkono wangu ulikuwa pale kuusubiri.

"Asante," nikasema.

Ni mazoea ya duka. Mtu akinipa kitu juu ya kaunta, hata chupa tupu, ulimi wangu unasema asante kabla akili haijaona ni nini. Akanipa skrubu, ameibandika kwenye ncha ya sumaku isianguke. Nikasema asante. Akanipa koleo ndogo nilipokuwa ndio kwanza ninaanza kuihitaji, nikasema asante. Hapo akasita.

"Mbona unasema asante?"

"Si umenipatia."

Nilisikia pumzi yake juu ya kichwa changu. Sikugeuka, nilikuwa nimeikamata skrubu na niliogopa itaniponyoka.

"Thieta hakuna mtu alikuwa anasema hiyo," alisema. "Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaangalia mgonjwa."

Niliona macho yananijaa na nikamkasirikia, maana ningekazaje skrubu ndogo vile na macho ya maji? Nikajipangusa kwa bega. Nikaikaza. Nikanyoosha mkono kuomba inayofuata, na ikaja juu ya ile sumaku, lakini safari hii hakuiachilia sumaku mara moja. Aliishika upande wake, nami nimeishika upande wangu, mtetemo wake ukipita mpaka kwenye vidole vyangu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anangoja.

"Asante, Sista," nikasema.

Akaiachilia. Na zote zilizosalia, mpaka skrubu ya mwisho, tulizipeana hivyo.